Mchungaji aliyeweka tarehe ya mwisho

Juni 2008 Arusha ilipokea mkutano uliobeba jina la Leon Sullivan. Hotuba zimesahaulika. Kazi ya mchungaji huyo wa Kibaptisti kutoka Philadelphia, Marekani, haifai kusahaulika.

Mwaka 1960 kiwanda kimoja cha keki mjini humo kiliwauzia watu weusi bidhaa zake, lakini hakikuwapa kazi ya udereva kwenye magari yake ya mauzo. Sullivan na wachungaji wenzake wapatao 400 wakapanda mimbarani wakawaambia waumini: msinunue. Kiwanda kikakubali kuajiri. Ajira zilipoanza kupatikana, vijana wengi hawakuwa na ujuzi, basi mwaka 1964 akafungua kituo cha mafunzo ya kazi ndani ya jela kuukuu.

Kampuni ya magari ya General Motors ilimwingiza kwenye bodi yake mwaka 1971. Mwaka huohuo akasimama mbele ya wanahisa kuwapinga wakurugenzi wenzake, akitaka kampuni iondoke Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kura hazikutosha. Mwaka 1977 akaja na kanuni sita kwa kampuni za Marekani zilizokuwa huko: weusi na weupe wale meza moja, watumie choo kimoja, kazi sawa ilipwe mshahara sawa, weusi wafundishwe na wapandishwe vyeo. Kampuni 12 zilianza, baadaye zikazidi 100, na zilipewa alama kama wanafunzi. Sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini ya mwaka 1986, iliyopitishwa na Bunge la Marekani licha ya Rais Reagan kuikataa, ilibeba masharti ya namna hiyohiyo.

Wanaharakati wengi walimpinga. Walisema mfanyakazi anakaa meza moja na mzungu saa sita mchana, jioni anarudi kudaiwa na polisi pasi, kibali ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Walikuwa sahihi, na Sullivan alilikubali hilo. Mwaka 1985 alitoa miaka miwili ubaguzi ukome. Haukukoma. Juni 1987 akazitaka kampuni zote ziondoke, akiacha kanuni zilizompa jina duniani kote.

Kwetu, hapo ndipo alipokuwa mchungaji hasa.

Viongozi wetu wa dini huitwa kila mara kuombea viwanda na ofisi mpya. Waende. Ila kabla ya sala, waombe kuonyeshwa mahali wafanyakazi wanapokula, na risiti ya michango yao ya NSSF ya mwezi uliopita.