Usimharakishe mtoto kuinua mkono

Likizo ya Agosti mwaka jana, binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka saba, alirudi kutoka kanisani akiwa na bangili ya shanga mkononi. Shanga zenyewe zilikuwa za rangi tano: nyeusi, nyekundu, nyeupe, kijani na njano.

Mama yake alipomwuliza maana yake, alijibu bila kusitasita. Nyeusi ni moyo wake uliojaa dhambi, nyekundu ni damu ya Yesu, nyeupe ni moyo uliooshwa, kijani ni kukua katika imani na njano ni mbinguni. Kisha akauliza swali lililomfanya mama aweke mwiko chini. Je, baba, ambaye haendi kanisani, atachomwa moto?

Baba huyo haamini kwamba Mungu yupo, wala hafichi jambo hilo. Hata hivyo, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka bintiye kila asubuhi wiki hiyo. Alinieleza kwamba hata yeye alihudhuria madarasa kama hayo utotoni, na mpaka leo anazikumbuka nyimbo, mandazi na sharubati nyekundu. Anayakumbuka kwa furaha.

Asichofurahia ni siku ya mwisho, watoto walipoambiwa wafumbe macho na anayetaka kuokoka ainue mkono. Yeye aliinua mkono miaka mitatu mfululizo. Hakusukumwa na imani, ila hakutaka kubaki peke yake.

Msomaji mpenzi, usidhani kwamba kisa hiki ni cha jirani yangu tu. Madarasa ya Biblia ya likizo, yale ambayo watoto wetu huyaita VBS, yalitoka Marekani, na huko wapo watu wazima wengi wasioamini ambao wana kumbukumbu za namna hiyo hiyo.

Chanzo chake kilikuwa chema. Mnamo 1894, Bi D.T. Miles, mwalimu na mke wa mchungaji katika mji mdogo wa Hopedale, jimbo la Illinois, aliwakusanya watoto wakati wa likizo kuwafundisha Biblia. Mwaka wa 1898, Bi Eliza Hawes alifanya vivyo hivyo jijini New York. Aliwaona watoto wa maskini wakizurura mitaani msimu wa joto, akakodi ukumbi wa kuuzia pombe akawafunza humo.

Likizo hiyo ndefu ya Marekani huchukua kama miezi miwili na nusu, nao wazazi wengi huwa kazini. Ndiyo sababu hata mzazi asiyeamini huona si vibaya mwanawe ashinde kanisani akiimba na kutengeneza vitu vya karatasi, hasa ikiwa ada ni ndogo au hakuna kabisa. Jambo hilo halina tofauti na yanayotendeka katika mitaa yetu ya Nairobi.

Hata zile rangi za shanga zina historia yake. Mhubiri Charles Spurgeon wa London alitumia nyeusi, nyekundu na nyeupe katika mahubiri yake ya 1866, na zile nyingine zikaongezwa baadaye. Mtoto wa Kiafrika anayeambiwa kwamba nyeusi ni dhambi ana haki ya kushangaa anapoutazama mkono wake uliovaa shanga hizo.

Lakini hakuna aliyeyaeleza machungu ya mtoto anayeharakishwa kuliko mshairi Mmarekani mweusi, Langston Hughes, katika kitabu cha maisha yake, The Big Sea, kilichotoka 1940. Yake hayakuwa madarasa ya likizo bali mkutano wa uamsho, ila shinikizo ni lile lile.

Alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na mitatu. Mama aliyemlea, ambaye alimwita shangazi, alikuwa amemwambia kuwa mtu akiokoka huona nuru, na Yesu huingia maishani mwake. Basi kijana akaketishwa mbele ya kanisa pamoja na watoto wengine, akamngoja Yesu kwa dhati. Wenzake waliinuka mmoja baada ya mwingine. Walipobaki wawili, mwenzake alichoka kukaa, naye akainuka.

Hughes alibaki peke yake, kanisa zima likimwombea na shangazi akilia. Mwishowe aliona haya kwa kuwachelewesha watu, akainuka. Kanisa likalipuka kwa shangwe.

Usiku huo alilia kitandani. Shangazi alidhani analia kwa kuwa Roho Mtakatifu amemjia. Kumbe alilia kwa sababu alikuwa amedanganya kanisa zima, na kwa sababu hakuamini tena kwamba Yesu yupo, maadamu hakuja kumsaidia.

Hebu wazazi na walimu wa watoto tulitafakari hilo. Waliotaka kumwokoa ndio waliomfundisha, siku hiyo hiyo, kusema uongo mbele ya madhabahu.

Wasioamini nao wamejaribu kuanzisha yao. Mnamo 1996, Edwin Kagin na mkewe Helen walisaidia kuanzisha Camp Quest huko Kentucky, kambi ya watoto wa familia zisizo na dini. Hii yaonyesha kwamba hawakuchukia michezo, nyimbo wala urafiki wa likizo. Walichotaka ni mtoto apewe nafasi ya kuuliza.

Kwa maoni yangu, si lazima tufike mbali hivyo. Kabla ya kumpeleka mwanao, mwulize mwalimu maswali mawili. Siku ya mwisho hufanyika nini? Na mtoto akisema bado, hujibiwaje? Mwalimu mwema hatakasirika. Imani iliyo na mizizi haiogopi kungoja.

Jirani yangu hakuikata ile bangili. Alimketisha bintiye na kumwuliza kama aliinua mkono. Akasema ndiyo. Kwa nini? Mtoto akajibu, "Mwalimu alikuwa anatungoja, na chai ilikuwa tayari."

Kesho yake baba na mama walienda pamoja kuonana na mwalimu huyo, mmoja muumini na mwingine si muumini. Wakakubaliana kwamba mtoto ataendelea kuja, ila asiambiwe habari za moto wa milele, wala asihesabiwe mkono kabla hajaelewa anachokubali.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata huyo mbichi, ukimkunja kwa pupa, atavunjika.