Punguzo Lako, Faini ya Mwenzako

Vijana wenzetu, tuongee ukweli kidogo.

Unapewa saa ya mkononi. Inahesabu hatua zako, mapigo ya moyo, hata usingizi. Unaambiwa: fanya mazoezi, bei ya bima yako itashuka. Nani atakataa? Wengi wetu tungebonyeza "Nakubali" bila hata kusoma.

Ngoja kwanza.

Marekani, kampuni ya John Hancock ilitangaza Septemba 2018 kwamba inaacha kuuza bima ya maisha ya kawaida. Kila mkataba mpya utakuja na mpango wa kufuatilia afya na mazoezi ya mteja. Hulazimishwi kuvaa saa, walisema. Lakini anayetoa data zaidi ndiye anayepata punguzo zaidi. Sasa asiyetoa? Anabaki na bei ya juu. Hiyo si hiari, ni faini iliyovalishwa nguo ya zawadi.

Na hiyo faini ikija kwetu haitampata mvivu. Itampata mama mboga anayesimama kutwa nzima, saa ikasema hajatembea. Itampata mlinzi wa usiku ambaye usingizi wake hausomeki vizuri. Itampata kijana mwenye pumu ambaye hakuomba kuugua, na yule asiye na hela ya kununua saa yenyewe. Atakayechekelea ni anayelipia jimu.

Bima ni kuchangiana. Mzima leo anambeba mgonjwa, kesho atabebwa yeye. Ukimpima kila mtu kivyake mpaka mapigo ya moyo, umeua maana yake. Sisi tunaochangishana msikitini ndugu akilazwa hatuhitaji kufundishwa hili.

Kuna atakayesema, "Mimi sina cha kuficha." Haya. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba data ya mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro ilikuwa ikifika kwa X-Mode, dalali wa data aliyekuwa akiwauzia wakandarasi wa ulinzi wa Marekani. Baada ya kelele, Muslim Pro ikakata uhusiano naye. Lakini hao watu walikuwa na nini cha kuficha? Walikuwa wakitafuta kibla na saa za swala tu! Data ikishatoka mkononi mwako, huchagui itakakoishia.

Kenya sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kujua inatumikaje na kupinga.

Basi tuitumie. Kabla ya kubonyeza, uliza: nani ataiona data yangu? Nikikataa, nitalipa zaidi? Nikitaka ifutwe, itafutwa? Wakijikanyaga kujibu, usitie sahihi.

Na tudai jambo moja bila aibu: kukataa kufuatiliwa kusipandishe bei ya mtu yeyote.

Afya yako ni amana. Usiiuze kwa punguzo. Sambaza kwa mwenzako.