KONA YA FAMILIA: Mwaka tunaouimba na mwaka tuliokimbia

 

Mwezi huu nataka tuongee juu ya maneno yaliyotokea kwenye kwaya ya vijana. Walikuwa wanaandaa wimbo wa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wimbo wenyewe mzuri, una mwendo wa kuchezeka. Shida ilikuwa neno moja tu: mwaka. Vijana wa kutoka Fizi na Uvira walitaka iimbwe tisini na sita. Warundi wakasema hapana bwana, kwetu sisi ni tisini na tatu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na jembe lake begani akasimama, akauliza, "Na sabini na mbili yetu mmeitupa wapi?" Mazoezi yakaishia hapo.

Nilicheka, lakini usiku nikafikiri. Namba tu, kwa nini watu wanaigombania hivyo?

Kwanza ni mambo ya mdomo. Ukitamka mwaka mzima kwa Kiswahili, elfu moja mia tisa tisini na sita, pumzi inaisha kabla wimbo haujaanza. Ndiyo maana tunakata, tunabaki na mkia. Na ile mikia, jamani, hesabuni kwa vidole: ti-si-ni-na-si-ta, silabi sita. Sabini na mbili, sita. Tisini na tatu, sita. Tisini na nane, sita pia. Yaani unaweza kutoa mwaka mmoja ukaweka mwingine na ngoma isishtuke. Kila mtu akisikia wimbo anaona kabisa mwaka wake ungeenea pale, halafu anasikia wa jirani. Anaumia.

Waliokimbia mwaka 2015 ndio wenye taabu zaidi. Kumi na tano ni silabi tano, lazima uivute. Na ukiitamka peke yake mtu anaweza kudhani unazungumzia kilo za unga. Huo mwaka bado haujapata jina la kuimbika, ingawa walioubeba ni wengi.

Pili, mwaka ni kama kifuniko cha sufuria. Tisini na tatu ya Burundi ina tarehe 21 Oktoba, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, na yote yaliyofuata. Sabini na mbili ina yale mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili. Tisini na sita ina vita ya Kivu na mitumbwi iliyovuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Mtunzi hawezi kutia yote hayo katika beti tatu. Tena mengine hayasemeki mbele ya watoto, wala mbele ya jirani ambaye ndugu zake walikuwa upande mwingine. Namba haimtaji mtu. Mtunzi anataja mwaka, aliyekuwepo anamalizia mwenyewe kimoyomoyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo hapo ndipo hatari yake.

Wazee wa Kongo wataukumbuka Indépendance Cha Cha wa Joseph Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz yake. Waliutoa kule Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati viongozi wa Kongo walipokutana na Wabelgiji kwenye Table Ronde, Meza ya Duara, tarehe 30 Juni ikapangwa kuwa siku ya uhuru. Wimbo unataja vyama, unataja viongozi kwa majina yao, unaitaja na Table Ronde yenyewe. Mwaka hauutaji. Lakini sahani ikiwekwa tu, mzee atakuambia "sitini!" kana kwamba ameisikia ikiimbwa. Na si wa Kongo peke yake, kwa sababu mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na radio ziliupeleka wimbo mbali.

Sasa angalieni. Tarehe 5 Julai mwaka ule ule askari waliasi. Tarehe 11 Katanga ikajitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa. Wimbo haukubadilika hata neno moja, ila sitini yenyewe ilibadilika ndani ya masikio ya watu. Nimeona mzee akiucheza huku anafuta macho.

Tena msidhani kila mwaka ulioimbwa ni ushahidi. Ule wa Bryan Adams, Summer of '69, ambao radio hazichoki nao, ulitoka 1984. Mwenyewe alizaliwa Novemba 1959, kwa hiyo mwaka anaouimba alikuwa mtoto wa miaka tisa. Anaimba bendi, kazi na mchumba! Muziki unaruhusu hayo, hakuna atakayemshitaki.

Lakini kwetu mwaka unaandikwa kwenye karatasi, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja wa jirani aliulizwa kwenye mahojiano familia yao ilivuka ziwa mwaka gani. Akajibu bila wasiwasi, tisini na sita. Ndivyo anavyoimba kwenye kwaya tangu mdogo. Faili la mama yake lilisema 1998, vita ya pili, ile iliyoanza Agosti. Familia ikaitwa upya, maswali yakaanza mwanzo, miezi ikapita. Kijana hakudanganya. Aliimba.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakuwahi kumwambia mtoto. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Mimi miaka siihesabuke na namba. Tulivuka huyu anatambaa, na dada yake alikuwa amekufa wiki mbili mbele." Kumbe kijana hakujua hata kwamba aliwahi kuwa na dada.

Wazazi, jioni moja mwezi huu kaeni na watoto. Muwaambie mlitoka wapi, mwezi gani, mlivukia wapi, nani alikuwepo na nani hakufika. Andikeni kwenye daftari, na namba ya mwaka iandikwe yote minne, si mkia tu. Wasiojua kuandika watumie mtoto wa shule. Kama yapo ya kunyamazia, nyamazieni hayo tu, si yote.

Kwaya nao wamepatana. Kila ubeti utakuwa na mwaka wake, wakianzia sabini na mbili. Vijana wa 2015 bado wanatafuta jinsi ya kuziba ile silabi inayopungua. Aliye na wazo awafuate mazoezini Jumamosi jioni. Mzee wa jembe amesema atakuja kusikiliza kama wameimba vizuri.