Jadi si Tiketi

Wenzangu wanaofuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi, hupenda kuorodhesha "vigogo wa jadi" kwa kuhesabu umri na vikombe. Nawapinga.

Umri hautoshi. Princeton ilicheza mechi ya kwanza ya vyuo dhidi ya Rutgers mwaka 1869. Leo nani anaihesabu? Vikombe vya enzi moja navyo havitoshi. Minnesota ilitwaa ubingwa wa taifa mara tano kati ya 1934 na 1941 chini ya kocha mmoja, Bernie Bierman. Tangu hapo, mara moja tu, mwaka 1960.

Kigezo changu ni kupokezana. Alabama ilitawala chini ya Paul Bryant, ikashinda chini ya Gene Stallings mwaka 1992, kisha Nick Saban akaiinua upya. Hiyo ndiyo jadi.

Hata hivyo, jadi ni heshima, si tiketi. Msimu wa 2017 Central Florida haikupoteza mechi hata moja, lakini kamati iliiacha nje ya timu nne za kuwania ubingwa, ikaichukua Alabama iliyokwisha kufungwa na Auburn. Mtasema Central Florida ilikutana na wanyonge. Basi ilipokutana na Auburn hiyohiyo, iliifunga. Mtasema pia Alabama ndiyo iliyotwaa ubingwa. Kweli, lakini mwenzake alinyimwa hata nafasi ya kushindwa. Kigogo wa kweli haogopi kuanza mlangoni pamoja na wengine.