Muhogo wa njano na bugali ya mchimbaji

Tunasikia mengi juu ya mbegu zinazobadilishwa ndani ya maabara ili chakula kiwe na vitamini. Uganda wamefanya hivyo na ndizi, lakini mwaka 2017 Rais Museveni alirudisha bungeni sheria ya mbegu hizo bila kuisaini.

Kwetu Kongo mambo iko tofauti. Muhogo wa njano, wenye vitamini A, ulikubaliwa tangu 2008, na INERA pamoja na HarvestPlus wameueneza. Haukubadilishwa maabara: ni muhogo uliozalishwa na muhogo mwenzake, ukachaguliwa, vile babu zetu walichagua mbegu. Vitamini hiyo inalinda macho ya watoto. Bugali ya muhogo mweupe, ile ya Rubaya na Bisie, karibu haina.

Lakini tuseme ukweli. Njano ile inapungua sana muhogo ukianikwa juani na unga ukikaa depo miezi. Na unga wa mchimbaji ndio huo: umetoka mbali, umelala kwenye magunia.

Halafu, nani atapanda? Muhogo unadai karibu mwaka mzima. M23 iliingia Rubaya Aprili 2024, Walikale-centre Machi 2025. Aliyekimbia hakubeba shamba kichwani. Kwa maoni yetu, mbegu hii itafaa pale mama ana hakika ya kurudi kuvuna.

Kwa sasa mawese mekundu yana vitamini ileile, na Walikale michikichi ipo. Wamama, tusiyachome mpaka yageuke meupe, juu vitamini inaungua. Kijiko kimoja ndani ya sombe ya mtoto.