Vitefute vya Kununua

Juzi mjukuu wangu aliniomba nimchangie fedha za kuwekewa mashavu. Aliyepondeka uso kwa ajali ningemwelewa. Huyu ni mzima! Nilimwuliza kama ameelezwa anachokinunua. Alikuwa ameelezwa bei tu.

Basi nikamweleza mimi. Daktari huchana ndani ya mdomo, juu ya ufizi, akapachika kipande cha silikoni juu ya mfupa. Uso huvimba kwa majuma. Mshipa wa fahamu upitao chini ya jicho ukijeruhiwa, shavu na mdomo wa juu hufa ganzi, pengine moja kwa moja. Kidonda kikitunga usaha, kipande huenda kikatolewa. Kikihama, shavu moja hulizidi jingine, na kisu hurudi palepale. Wauza urembo hayo huyanyamazia.

Mwishoni mwa Aprili 1994, hapa Ngara, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakitoka nchi ambako binadamu waliuawa kwa kadi ya kabila na umbo la pua. Leo tujipimie nyuso wenyewe, tena kwa kulipa?

Mjukuu wangu ana vitefute vya bibi yake, mzaliwa wa Bugufi. Sichangii.