Ng'ambo Yangu ni Pate

Wanangu wamenichangia nauli. Baada ya miaka 34 ya chaki na miaka kadhaa ya pensheni, wameona kwamba mama yao asife bila kuvuka mpaka wa nchi. Wakanitajia miji: Dubai, Istanbul, London. Nikawajibu kwamba nakwenda Pate. Kimya kikapita, kisha kitindamimba wangu akauliza, "Mama, Pate si ipo Kenya? Hiyo nayo ni ng'ambo?"

Swali lake ni la lugha, nami nitalijibu kwa lugha. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Mjini Unguja, Ng'ambo ni mitaa iliyotengwa na Mji Mkongwe kwa hori la bahari ambalo baadaye lilifukiwa. Mtu aliweza kwenda Ng'ambo kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri. Neno halikudai umbali. Lilidai kuvuka tu. Mimi nitavuka mpaka pale Horohoro, nivuke feri ya Likoni, nivuke kutoka Mokowe kwenda Amu, kisha nivuke tena kutoka Amu kwenda Pate. Ikiwa hiyo si ng'ambo, basi neno hili tumelipoteza.

Rai yangu ni hii: mpenzi wa ushairi wa Kiswahili anayepanga safari yake ya kwanza nje ya nchi, na aanzie mahali ambapo lugha aliyoizoea itamkosoa. Katika miji ya mbali atakuwa mgeni asiyeelewa, na hakuna atakayemlaumu. Pate ataelewa nusu, na hiyo nusu ya pili ndiyo itakayomfundisha.

Nina sababu yangu binafsi, nayo ni deni. Mimi ni mzaliwa wa Iringa. Kiswahili nilikipata shuleni, na chuo cha ualimu kikanipa istilahi zake. Katika miaka ya tisini nilifundisha Utendi wa Mwana Kupona kwa nakala ya kudurufu isiyo na sherehe ya maneno. Nilipokutana na neno "mato", niliandika ubaoni: tabdila. Nilipokutana na "ndia", nikaandika vivyo hivyo. Nikawaeleza wanafunzi kwamba mshairi ana uhuru wa kubadili sauti za maneno apate kutimiza vina na mizani. Walinakili, nami nikaridhika.

Binti mmoja, aliyelelewa na bibi mwenye asili ya Amu, aliandika katika mtihani kwamba hayo si mageuzi ya mshairi, bali ni maneno ya kila siku ya kwa bibi yake. Nilimnyima alama 2. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Rejea daftari lako."

Kumbe binti alikuwa sahihi. Katika Kiamu na lahaja jirani zake, macho ni mato, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Mwana Kupona hakugeuza neno ili apate kina. Alimwusia binti yake kwa lugha waliyosemezana nyumbani. Utendi ule ulitungwa mwaka 1858. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Nilikuwa nikimpima mama wa Siyu kwa rula iliyochongwa miaka 70 baada ya kazi yake, kisha nikamwadhibu mtoto aliyejua ukweli.

Tabdila ipo, na washairi huitumia; sisemi tuifute. Nasema tumeitumia kama kapu la kutupia kila neno tusilolijua. Mwalimu asiyewahi kusikia lahaja ikisemwa sokoni atadhani kila lahaja ni mapambo.

Nitaulizwa kwa nini nisiishie Lamu mjini. Nitalala pale siku 2, kwa kuwa ni mji unaostahili kuonwa. Tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mji huo na jirani yake Shela vimezoea wageni, na vinajua kusema nao kwa lugha ya wageni. Pate na Siyu hufikiwa na watalii wachache. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni kazi ya Pate. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni, wa wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi. Mtawala wake, mume wa Mwana Kupona, alisimama dhidi ya Sultani wa Unguja katika miaka ya 1840. Ngome yake bado ipo. Tunaitaja miji hii darasani kana kwamba ilikwisha pamoja na tenzi zake, ilhali watu wanaishi humo, wanavua, wanaoa na kusomesha watoto.

Kuhusu maandalizi nitasema machache. Pasipoti nimeiomba mapema, nikitanguliza cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano imo mkobani. Usalama si jambo la kudharauliwa: barabara ya Lamu imewahi kushambuliwa, hivyo kabla ya kukata tiketi nitauliza wenyeji na polisi hali ilivyo, na wakisema ningoje, nitangoja.

Kalenda ya safari hii, hata hivyo, ni mwezi wa angani. Mashua za Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, nao hupitika maji yakijaa. Saa ya kuondoka hubadilika kila siku kufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Anayechelewa atasubiri jua likimwangalia. Nimechagua Januari, wakati wa kaskazi, kwa kuwa kusi ikikaza bahari huchafuka, na magoti yangu hayataki majaribu. Nitashuka Mtangawanda, niendelee kwa miguu au kwa pikipiki.

La mwisho ni la adabu. Kule hakuna safu za hoteli. Mgeni hukaribishwa nyumbani mwa watu. Ndiyo maana nimetafuta mwenyeji kabla ya kutafuta nauli. Sitakwenda na kinasa sauti kilichowashwa, nikidai wazee wanighanie kwa sababu nimetoka mbali. Nitapiga hodi, nitakaa, nitasaidia kuchambua mchele. Nikijaliwa kusikia mama akighani utendi, nitasikiliza tu. Miaka 34 niliuhesabu ubaoni, mizani 8 kwa kila kipande, na sijawahi kuusikia kinywani mwa mtu wa huko.

Mwanafunzi wangu yule sijui alipo. Zile alama 2 siwezi kumrudishia. Naweza tu kwenda nikasikie kwa masikio yangu alichonieleza akiwa na miaka 17, kisha niwaambie walimu vijana wanaofundisha utendi huo leo.

Naondoka Januari, mwezi ukiandama. Ndugu msomaji uliye wa Pate, Siyu au Faza, tukikutana njiani na nikakosea hata salamu, nisahihishe.